Dufu Linalowahi

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu mzazi, kule Mgori, akinituma kiberiti kwa jirani alikuwa anasema kabisa, "Nenda na urudi leo hii," maana alinijua. Sasa mtu wa namna hiyo mwambie akae eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba moja mjini Singida, asivuke geti ila kwa dharura, asijipake manukato, asivae cha kung'aa, asizungumze uso kwa uso na mwanamume anayeweza kumwoa. Nilikaa. Mume wangu alistahili kukaliwa eda, na zaidi ya hiyo. Lakini nilikaa kama kuku aliyefungwa kamba kwenye mguu wa meza.

Aliondoka kwa homa iliyoanza kama mafua. Mwanzo wa wiki alikuwa anatania kwamba pua yake inapiga filimbi, na wiki haikuisha. Sitaki kuyaeleza zaidi.

Ukoo wake ni watu wa biashara, mafuta ya alizeti na vitunguu. Babu yao alitoka pwani, bibi yao Mnyiramba, na wao wenyewe ni watu wa Singida basi, pwani wanaisikia redioni. Katika nyumba nzima yeye peke yake hakulipenda duka. Alipenda kompyuta na sauti. Nyuma ya nyumba, ubavuni mwa stoo ya madumu ya mafuta, alikuwa na chumba chake cha studio. Dirisha aliliziba kwa matofali kwa sababu ya mashine ya jirani ya kukamua alizeti, ambayo ikianza kunguruma hata maneno yako mwenyewe huyasikii. Kuta alizivisha magunia yaliyojazwa maranda. Humo alirekodi mabinti wa madrasa na kaswida zao, watu wa harusi, na wenye matangazo ya mnada. Mimi tangu niolewe nilikuwa nakaa kwenye stuli pembeni yake. Mwanzoni nilimletea chai tu. Baadaye akawa ananipa mausi, "Kata hapo, vuta pale," mpaka mkono ukazoea.

Khitma ilipokwisha na wageni kutawanyika, shemeji yangu akaja na mpango. Yeye ni mdogo wa marehemu, ndiye anayeliendesha duka. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akakaa kwenye benchi barazani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, maana ndivyo eda inavyotaka. Mama mkwe alikaa kizingitini, katikati yetu, anachambua mlenda.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Kile chumba cha marehemu kimekaa bure," akasema. "Madumu yangu yanalala nje, jua linayapiga. Na zile mashine, kuna ndugu yetu wa Manyoni anazitaka. Nimeona ukitoka eda tu tufungue, tutoe vitu, tuweke mafuta."

Tuweke mafuta! Hasira zangu hazikai mbali. Nikamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Na kazi za watu zilizomo humo, nazo tuziwekee mafuta juu?"

"Kazi gani?"

"Kaswida ya Maulidi. Mabinti walisharekodi. Marehemu alikuwa ameifikisha karibu na mwisho."

Shemeji akasema, "Ile nimeisikia, watu wa madrasa walinichezea kwenye simu. Dufu linakimbia, watoto wako nyuma. Marehemu alikuwa ameshachoka, shemeji. Hata mdundo ulishamkimbia. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Alilisema kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Nilitamani nilivute lile pazia lidondoke na chuma chake. Mume wangu, aliyekuwa akinikataza kukoroga chai mbele yake kwa sababu kijiko changu hakina mwendo, leo aambiwe mdundo umemkimbia!

Mama mkwe ndiye aliyesema. "Basi. Mke wa marehemu anaijua hiyo kazi. Aimalize humo ndani. Ikikaa sawa, chumba kina mwenyewe. Isipokaa, utaweka mafuta yako. Mimi nimemaliza."

Shemeji akakubali. Alikubali haraka mno, lakini siku ile sikulitilia maanani. Nilichokuwa nakiona ni kimoja: nikishindwa, narudi Mgori kwa baba kupalilia alizeti na kungoja atakayekuja kuniposa. Jembe silidharau, limenilea. Ila nilikuwa nimeonja kazi yangu mwenyewe, na mtu aliyeonja hivyo ukimrudisha kwenye jembe la baba yake unamrudisha utotoni.

Basi nikaingia kazini, nikiwa mjane mwenye hedifoni kichwani. Nyumba ya msiba haipigi muziki. Siku ya mazishi mama mkwe alikuwa amezifunika spika kwa kanga yake, akasema zisifunuliwe mpaka nitoke eda, na mimi sikubisha. Wanawake waliokuja kunipa pole walinikuta nimejifungia, waya unaning'inia shingoni. Maneno yakaenda mtaani: mjane wa nyumba ile anasikiliza muziki! Toba! Ustadha wa mabinti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu mnadani, ndiye aliyewanyamazisha. "Anasikiliza kumsalia Mtume," aliwaambia. "Nyie mnasikiliza nini majumbani kwenu?"

Niwaeleze kidogo ilivyo, maana bila hili hamtanielewa. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni sauti za mabinti. Hizo zilirekodiwa kwa maiki, ziko vilevile walivyoimba, na pumzi zao, na kikohozi cha mmoja wao. Cha pili ni dufu, na dufu halikuwa sauti. Mume wangu alilipiga kwenye kinanda kidogo kilichounganishwa kwa waya, na kompyuta haikuandika mlio wowote. Iliandika vidole. Kidole kimeshuka hapa, kwa nguvu hii, kimeinuka pale. Wenye kazi wanaiita midi. Mlio wa dufu kompyuta inautengeneza yenyewe kila ukicheza. Ukitaka iwe kengele itakuwa kengele, lakini vidole ni vilevile.

Kwa hiyo vidole vyake vilikuwa humo. Sauti zake za kwenye simu ninazo, za "nunua mkate" na "nakuja sasa hivi", lakini zile ni salamu tu za njiani. Hapa alikuwa yeye mwenyewe, kazini, mzima, hajaugua. Siku ya kwanza sikuweza kufanya lolote. Nilitazama vistari vyake kwenye kioo cha kompyuta, kila kimoja kidole chake kimoja, nikalia mpaka sponji za hedifoni zikalowa.

Na vidole hivyo vilikuwa vinawahi. Shemeji hakusema uongo. Kila pigo lilitangulia sauti za watoto, kidogo tu, lakini kidogo hicho sikio halikisamehe. Ni kama mtu anayekudakia kila unapofungua mdomo.

Kompyuta ina amri ya kunyoosha mapigo yote kwa mkupuo mmoja. Nikaibonyeza. Wacha wee! Dufu likaanza kutembea kama askari wa gwaride, na watoto wakapotea kabisa. Sababu niliijua, nilikuwepo siku ya kurekodi. Ustadha alikataa mabinti wavae vitu vya masikioni juu ya mitandio yao, kwa hiyo hakukuwa na mlio wa kuwahesabia. Waliimba wanavyojisikia, na kila wakifika kwenye jina la Mtume walipunguza mwendo, kwa adabu. Mume wangu akalipiga dufu baadaye, akiwafuata kwa mkono. Hapakuwa na mstari wa kuyanyooshea mapigo. Nikalirudisha dufu lilivyokuwa.

Nikaanza kusogeza pigo mojamoja. Hapo ndipo nilipojua maana ya kufungwa. Asubuhi naswali, nafagia ua, nasonga ugali, naingia chumbani kule kusikokuwa na dirisha, nafunga mlango, navaa hedifoni. Nyumba imenifunga, chumba kimenifunga, na masikio nayo nimeyafunga kwa mkono wangu. Nikitoka kunyoosha mgongo ninakutana na ukuta wa ua na upepo wa Singida ukitikisa mabati. Nje ya ukuta nasikia bodaboda, nasikia mama anauza mboga anacheka na watu, nasikia mtoto anapigwa na anasingizia mwenzake. Dunia yote ilinifikia kwa masikio tu. Kuna siku nilisimama nimeegemeza uso kwenye geti, nachungulia kwenye tundu la komeo, mpaka mama mkwe akaniita kwa sauti ya chini, "Mwanangu, watu watakuona." Nikarudi ndani.

Nikafika katikati ya kaswida. Nikasikiliza tangu mwanzo. Dufu lilikuwa sawa, na lilikuwa limekufa. Nasema limekufa kwa sababu sina neno jingine. Mapigo yalianguka penye sauti kila moja, yote mamoja, hayana mtu. Nilikuwa nimemfuta mume wangu kidole kwa kidole, kwa bidii zangu zote. Nikalirudisha dufu lote lilivyokuwa, nikaitupa mausi ukutani. Maranda hayavunji kitu, bahati nzuri.

Ustadha akapita kunijulia hali. Alikaa jikoni akala karanga zetu bila haraka. "Maulidi yanakuja, mwenzangu," akasema. "Mabinti nimeshawashonea sare. Kama haiwezekani niambie, tupige dufu letu la ngozi, tuimbe wenyewe. Sitakulaumu hata kidogo."

"Itawezekana," nikasema.

"Unajua kosa liko wapi?"

"Sijui."

"Ee, basi," akasema, akaondoka na karanga mkononi. Nilimwonea wivu alivyofungua geti.

Mwishoni mwa kaswida kulikuwa na ubeti mmoja ambao marehemu hakuuwahi. Watoto wanaimba wenyewe, dufu hakuna. Kwa kuwa yaliyobaki yalinishinda, nikasema angalau huu niupige mimi, nionekane nimefanya kitu. Nikakivuta kinanda, nikavaa hedifoni, nikaanza.

Nikabonyeza, kimya kidogo, ndipo dum. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, ukiigusa inafikiri kwanza. Kila nilichopiga kilinijia kimechelewa, watoto wameshapita. Nikarudia. Nikarudia tena. Nilitukana kwa Kinyaturu, maana mama mkwe hakijui. Halafu, sijui saa ngapi, mkono ukaanza kujifunza wenyewe. Ukawa unashuka kabla ya sauti, ukijua kwamba mlio utakuja nyuma. Na mlio ukaanza kuangukia pale pale mtoto anapofungua mdomo. Ilikaa! Niliisikia kwa masikio yangu haya. Nikapiga ubeti mzima bila kukosea, nikajipongeza, nikarudi mwanzo wa ubeti, nikacheza nijisikilize.

Dufu langu lilikuwa linakimbia, watoto wako nyuma.

Nilivua hedifoni nikazitazama. Nikavaa tena, nikacheza pigo lake na pigo langu. Kiasi kilekile. Mimi niliyekuwa na afya zangu, sijachoka, sijaugua, nilikuwa nimewahi kama alivyowahi yeye. Nikaanza kucheka peke yangu mle ndani kama mwehu.

Haikuwa homa wala uchovu. Kompyuta haiandiki umesikia lini, inaandika umebonyeza lini. Wewe unabonyeza mapema ili mlio ufike kwa wakati, nayo inaandika huko mapema. Ukija kuicheza, haifikiri tena, ilishajua kinachokuja, inautoa mlio pale pale ilipoandika. Na ndipo nikakumbuka alichokuwa akikifanya kila kazi ikiisha. Alilishika dufu lote, safu nzima, akalisogeza kulia kidogo, mara moja tu, akasema, "Sasa ilale." Nilikiona mara ngapi, na chai mkononi! Nilidhani ni kaugonjwa kake tu, kama wanaopapasa kitasa baada ya kufunga mlango. Kazi hii hakuifikisha hapo. Hakuikosea, aliiacha kabla ya kuilaza.

Kilichobaki ni kujua isogezwe kiasi gani. Nikaisogeza maiki karibu na kinanda, nikaziegemeza hedifoni ubavuni mwake, nikabonyeza kwa ukucha. Kwenye kioo zikatokea alama mbili: tak ya ukucha, halafu dum ya dufu. Nafasi iliyokuwa katikati yake ndiyo niliyoitafuta. Nikaipima. Nikalishika dufu lote, lake na langu, sikugusa pigo hata moja peke yake, nikalisogeza kwa nafasi ile.

"Sasa ilale," nikasema kwa sauti.

Ikalala. Jamani, ikalala! Kila pigo lilikwenda na mtoto wake, na bado lilikuwa la mtu. Pengine linasukuma, pengine linalegea, wakifika kwenye kumsalia Mtume linawangojea kwa adabu. Nilitaka kupiga vigelegele, na nyumba ya msiba haina vigelegele. Nikajiziba mdomo kwa mtandio, na kilichotoka kikawa kilio. Mama mkwe akasikia, akaja mbio akiwa na mwiko, akidhani huzuni imenizidi.

Sikumweleza kitu. Nilimkalisha kwenye kiti cha mwanawe, nikamvisha hedifoni juu ya ushungi. Alikaa wima, mwiko magotini, macho yameganda ukutani. Kisha vidole vyake vikaanza kuugonga ule mwiko.

"Huyu ni yeye," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wenye hedifoni. "Hivi hivi ndivyo alivyokuwa akinipigia sahani akingoja ugali. Pigo la tatu analivuta. Nilimkemea mpaka nikachoka."

Nikatazama kwenye kioo. Kweli, la tatu analivuta, kila mara, toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi na kompyuta yote hatukuliona hilo.

Kaswida ilichezwa siku ya Maulidi. Mimi sikwenda, nilikuwa bado eda. Nilisimama uani nikaisikia kutoka kwenye spika za madrasa, upepo unaichukua na kuirudisha, na ilikuwa nzuri.

Kesho yake shemeji akaja, akakaa kwenye benchi lake. Mimi nyuma ya pazia. Mama mkwe alikuwa jikoni, si mbali.

"Mashallah, shemeji. Dufu limekaa. Watu wote wameuliza nani kapiga."

"Kapiga kaka yako," nikasema. "Na mdundo haukumkimbia."

"Nimekubali, nilikosea kusema." Akakohoa. "Basi chumba hatukigusi. Madumu nitayatafutia pengine. Ahadi ni ahadi."

Nilivuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta tangu msiba. Nikafungua mdomo nimshukuru.

"Chumba hakitakosa mwenyewe," akaendelea, taratibu. "Na wewe, mwanamke mwenye kazi yako, mtulivu, hutakosa mwenyewe. Wengine tunangoja tu siku zitimie. Nyumba hii ni yako. Usione haja ya kwenda mbali."

Mtulivu, mimi! Mwanamke aliye edani haposwi waziwazi, ila kumgusia hakukatazwi. Shemeji alikuwa amegusia, na amegusia kwa heshima zote, hakuna neno hata moja ningeweza kumshtaki nalo. Ana mke na watoto, na dini haimzuii kuongeza. Ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile alikubali haraka. Nikishindwa, anapata chumba. Nikiweza, anapata chumba na mimi ndani yake. Miezi yote ile nilikuwa nahangaika kuzuia mlango usifungwe, na mwenye ufunguo alikuwa ameketi barazani ananisubiri niingie vizuri.

"Nimekusikia, shemeji," nikasema.

Alipoondoka niliingia jikoni. Mama mkwe alikuwa anakatakata vitunguu, kwa hiyo machozi yake sikuyajua ni ya nini.

"Nimemsikia mwanangu," akasema. "Unamtaka?"

"Namheshimu, mama."

"Sikukuuliza hivyo."

"Simtaki."

Akaendelea kukata. "Mimi nilikuwa na cherehani," akasema. "Alipofariki baba yake mumeo, nilikuwa nashona magauni ya watoto kwenye kile chumba cha mbele. Wakaniambia, chumba ni chako, cherehani ni yako, usiende mbali. Mdogo wake akanigusia. Hakuwa mtu mbaya. Nikaona niende wapi na mtoto mgongoni, na cherehani yangu iko hapa. Nikakaa. Ndipo nikamzaa huyu wa barazani."

Nilikuwa najua kwamba mume wangu na shemeji wana baba tofauti. Hilo la kwamba alikaa kwa ajili ya cherehani sikuwahi kuambiwa.

"Cherehani yenyewe iko wapi, mama?"

"Stoo," akasema. "Chini ya madumu."

Akanawa mikono, akajifuta kwenye kanga, akanigeukia. "Usingoje kutoka eda ndipo ufikiri. Utakuta wenzako wameshakupangia."

Yeye ndiye aliyemwita shehe na wazee mirathi igawanywe kabla siku zangu hazijatimia. Nilisikiliza kutoka nyuma ya pazia, kama kawaida yangu. Mama mkwe akasema yeye kama mzazi ana fungu lake kwa mwanawe, na mimi kama mke nina langu, na kwamba mafungu hayo mawili ameyaona yote kwenye zile mashine. La kwake ananipa mimi. "Chumba chukueni," akasema, "mweke mafuta yenu." Shemeji akaridhia. Mbele ya shehe, na mama ndiye anayesema, angekataaje?

Siku niliyotoka eda mama mkwe alinifukizia udi mwenyewe. Kisha akaingia studio, akachomoa nyaya moja baada ya nyingine, akaivua ile kanga kwenye spika, akaifunga nayo kompyuta kama anayemfunga mtoto mgongoni. Shemeji alikuwa amesimama uani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso tangu msiba. Alikuwa amekonda. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Alinibebea spika mpaka kwenye gari.

"Twende wote, mama," nikamwambia mama mkwe pale getini. Nilikuwa nimeshika mkono wake na siuachii.

"Niende wapi, mwanangu? Mimi nimeshakuwa wa humu."

Sasa niko Mgori. Baba alinipa chumba cha pembeni, chenye dirisha, na sikuliziba. Mbuzi wanaingia kwenye maiki, upepo unaingia, na ninawarekodi watu hivyohivyo: wakristo na kwaya zao, waislamu na kaswida zao, na wenye matangazo ya mnada wa kuku. Kompyuta bado inafikiri kwanza ukiigusa. Nimeizoea, nikimaliza kazi nasogeza, nasema ilale.

Kila Ijumaa nampigia mama mkwe. Tukishasalimiana ananiambia, "Haya, niwekee." Naiweka simu karibu na spika, namchezea ile kaswida. Yeye kule jikoni Singida anapiga makofi akifuata dufu la mwanawe, na la tatu analivuta. Simu ina kuchelewa kwake. Kaswida inamfikia imechelewa, na makofi yake yananirudia yamechelewa zaidi, nyuma ya watoto, nyuma ya dufu, hayapatani na kitu. Sijawahi kumwambia. Huwa nangoja mpaka amalize, ndipo nakata.